Muswada uwe ndio tasnifu: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Arusha na Moshi

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, wajumbe wa Seneti na wakurugenzi wa masomo ya uzamili, Arusha na Kilimanjaro.

Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

YAH: SHAHADA YA UZAMILI YA UANDISHI BUNIFU KWA KISWAHILI

Waheshimiwa, salaam.

Sisi ni waandishi, wahariri na walimu wa fasihi tunaoishi na kufanya kazi kati ya Monduli na Rombo. Tunaomba muanzishe shahada ya uzamili ya uandishi bunifu kwa Kiswahili, na katika shahada hiyo muswada wa mwanafunzi uwe ndio tasnifu yake, iwe ni riwaya, diwani, tamthiliya au mkusanyo wa hadithi fupi. Usiwe kiambatisho cha tasnifu wala kazi ya muhula mmoja. Muswada ndio utahiniwe.

Tunalitanguliza hilo kwa sababu tunajua programu mpya zinavyozaliwa. Kamati huchukua mtaala wa uzamili wa fasihi uliopo, ikaongeza kozi mbili zenye neno "uandishi" katika jina, kisha ikaziacha kanuni za tasnifu kama zilivyokuwa. Mwanafunzi aliyeingia akitaka kuandika riwaya anatoka na sura tano: utangulizi, mapitio ya machapisho, methodolojia, uwasilishaji wa data, hitimisho. Riwaya yenyewe inabaki kwenye flashi. Kama programu itajengwa hivyo, ni heri isijengwe, maana itakuwa imemlipisha mtu ada kwa kitu ambacho hakukipata.

Ombi letu si geni duniani. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikubali mwaka 1922 kwamba kazi bunifu inaweza kuwasilishwa kama tasnifu ya shahada ya juu, na mwaka 1936 kikaanzisha programu yake maarufu ya uandishi. Uingereza ilifuata mwaka 1970, Chuo Kikuu cha East Anglia kilipofungua uzamili wa aina hiyo mjini Norwich. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kinapokea miswada ya Kixhosa pamoja na ya Kiingereza, kwa hiyo hata hoja ya kwamba shahada hii ni ya Kiingereza tu haina msingi. Na karibu zaidi, pale Usa River, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha shahada ya muziki. Kila mtu anaelewa kwamba mwanamuziki lazima apige, asikilizwe, asahihishwe, apige tena. Mwandishi naye ni hivyo hivyo.

Uhitaji upo. Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ya Kiswahili. Lakini tuzo humpokea mwandishi akiwa ameshamaliza. Kati ya rasimu ya kwanza na rasimu ya tatu, mahali ambapo miswada mingi hufa, hakuna mtu anayemngoja. Hapo ndipo shahada hii inapotakiwa kusimama.

Krediti na saa

Mfumo wa TCU unahesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya uzamili haipungui krediti 180. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili bila kutoa likizo, ni kama saa 17 kwa wiki, kiasi ambacho mwalimu wa sekondari wa Hai au muuguzi wa Moshi anaweza kukibeba bila kuacha kazi.

Tunapendekeza mgawanyo huu: warsha nne, yaani madarasa ya kujadili miswada ya wanafunzi wenyewe, za krediti 15 kila moja (60); kozi tatu za kusoma kwa jicho la ufundi wa uandishi, za krediti 10 kila moja (30); kozi moja ya uhariri na uchapishaji (10); muswada pamoja na insha yake (80). Jumla 180. Krediti 80 za muswada na insha ni saa 800. Ukiiacha insha kando, kwa muswada wa maneno 40,000 hiyo ni saa moja kwa kila maneno 50. Msiseme ni nyingi. Saa hizo zinabeba rasimu ya kwanza, kuitupa nusu yake, rasimu ya pili, kuisoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, na rasimu ya tatu.

Kuhusu idadi ya maneno, tafadhali msinakili viwango vya vyuo vya Kiingereza. Neno "nisingalimwambia" ni moja kwetu; Kiingereza kingelitandaza kwa maneno sita. Riwaya ya Kiswahili ya maneno 40,000 ina uzito mkubwa kuliko tarakimu yake inavyoonyesha, na mwanafunzi anayelazimishwa kufika 80,000 kwa sababu mwongozo wa ughaibuni umesema hivyo ataanza kujaza maji.

Ndani ya warsha

Moyo wa shahada ni warsha, na warsha ndiyo huharibika kwa urahisi kuliko sehemu nyingine yoyote. Tunaomba mtuvumilie tukiieleza kwa kirefu.

Kikundi kiwe na wanafunzi 8 hadi 10, wasizidi 12. Hii ni hesabu tu. Darasa linalokutana kila Jumamosi kwa wiki 15 na kujadili miswada miwili kwa siku lina nafasi 30. Wanafunzi 10 wanapata zamu tatu kila mmoja. Waingize 20 na zamu inakuwa moja na nusu, maana yake wapo watakaokaa muhula mzima wakiwasikiliza wenzao na kuonyesha kazi yao mara moja. Tunajua ofisi ya fedha itataka wanafunzi 25 ili programu ijilipe. Kikundi cha 25 kigawanywe viwe viwili na mwalimu wa pili aajiriwe, au wasubiri mwaka unaofuata.

Muswada wa zamu uwe kurasa 15 hadi 20, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zimepewa namba, na uwafikie wenzake siku saba kabla. Si siku mbili. Anayeupata usiku wa kuamkia warsha atasoma haraka, na msomaji wa haraka huokota makosa ya tahajia tu. Uchapwe kwenye karatasi. Kwenye simu watu hawaandiki pembeni. Gharama si ya kutisha: kwa ukaazi mmoja wa siku kumi tutakaoueleza kwenye kalenda, miswada 20 ya kurasa 20, nakala 10 kwa kila mmoja, ni kurasa 4,000. Kwa shilingi 50 kwa ukurasa steshenari, ni shilingi 200,000 kwa kikundi kizima, yaani 20,000 kwa mwanafunzi. Iwekwe kwenye ada tangu mwanzo, asije mtu akashindwa kusomwa kwa kukosa hela ya fotokopi.

Kikao kiwe cha saa tatu: dakika 75 kwa kila muswada, 15 za mapumziko, 15 za kupanga kikao kijacho. Katika zile 75, mwandishi anasoma ukurasa mmoja kwa sauti (5). Wasomaji wanaeleza walichokiona, bila kusifu wala kulaumu: nani anasimulia, tuko wapi, nini kimebadilika tangu ukurasa wa kwanza (10). Mwandishi anauliza maswali yake mwenyewe (15). Kisha kikundi kinaingia kwenye kurasa zenyewe, kwa namba ya ukurasa na mstari (35). Mwisho mwandishi anasema atakachokwenda kukifanyia kazi (10).

Wanaoijua mila ya Iowa wataona tofauti. Kule mwandishi hunyamaza muda wote muswada wake unapojadiliwa. Sisi tunapendelea utaratibu unaofanana na ule wa hatua nne alioubuni Mmarekani Liz Lerman mwaka 1990 kwa ajili ya wacheza dansi, ambamo msanii huuliza maswali yake kabla ya kuulizwa, na maoni hutolewa kwa ridhaa yake. Sababu yetu ni ya hapa hapa. Katika kikundi kimoja mtakuwa na mwalimu mkuu wa miaka 52 na mhitimu wa miaka 24 aliyemwamkia shikamoo mlangoni. Kijana huyo hawezi kukaa chini na kumwambia mzee kwamba sura yake ya pili imelala. Atasema, "Kazi nzuri sana, Mwalimu, hongera." Wote watasema hivyo. Mzee ataondoka na hongera kumi na sura iliyolala.

Dawa yake ipo. Kila msomaji aandike ukurasa mmoja wa maoni na kuukabidhi siku moja kabla. Kwenye karatasi watu husema zaidi. Mwongoza warsha asome maoni hayo na kuyapanga, ili mada nzito ianzishwe na yeye, asiachiwe mdogo. Watu wazungumzie "msimulizi" na "ukurasa wa 7", wasitaje "wewe". Na mwalimu mkuu akikosolewa kwa staha namna hiyo mara ya kwanza, warsha inakuwa imeokoka kwa mwaka mzima.

Hatari ya pili inatoka darasani kwetu. Tumekua tukifundishwa kuchambua kwa fani na maudhui: upande huu muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, upande huu dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Kwa mtihani wa kidato cha sita mgawanyo huo unasaidia. Kwa mwandishi ni pingu. Anaanza na ujumbe, anautafutia wahusika wa kuubeba, na kufikia ukurasa wa 30 kila mhusika anahutubia. Warsha isiyo na mwongozo mzuri nayo itatumia saa nzima kubishana kama ujumbe unafaa kwa jamii. Mwongoza warsha alirudishe swali kwenye ufundi: habari hii msomaji anaipata lini, kutoka kwa nani, na kwa nini si mapema zaidi?

Kozi za ufundi ziandikwe kwa Kiswahili chenyewe

Vitabu vingi vya kufundishia uandishi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtego wake hauonekani mpaka darasa lianze. Vitakwambia jinsi ya kutofautisha wanaozungumza kwa viwakilishi vya kiume na vya kike. Kiswahili hakina tofauti hiyo. "Alimtazama, akamwambia mama yake amefariki." Mke na mume wako chumbani: nani kamtazama nani, na aliyefariki ni mama wa nani? Mwandishi wa Kiswahili anahitaji zana nyingine: kurudia jina, kutumia huyu na yule, kumpa mmoja kitendo cha mkono kabla ya maneno, au kuitumia tata hiyo makusudi pale anapotaka msomaji asijue bado. Hilo peke yake linatosha vipindi viwili.

Njeo, yaani viambishi vya wakati na hali katika kitenzi, ni utajiri mwingine. -ka- husukuma hadithi: aliingia, akavua viatu, akaketi. Ikizidi, ukurasa unakimbia kama ngano ya mtoto na hakuna kinachozama moyoni. -me- husimamisha picha: mlango umefunguliwa, taa imewaka, mtu hayupo. Hu- hujenga mazoea ya kijiji kizima kwa aya moja. Mwanafunzi achukue ukurasa wake mmoja, auandike mara tatu kwa njeo tofauti, kisha aeleze kilichobadilika. Zoezi hilo halina gharama, na ni wachache wanaolimaliza wakiwa na mtazamo ule ule waliouanza nao.

Ushairi uwe na kozi yake, na ufundishwe kwa pande zote mbili. Kila mwanafunzi aandike tarbia kamili, mizani 16 kwa mshororo, nane ukwapi na nane utao, vina vikisimama. Na aandike utenzi wa beti zisizopungua 30 wenye mizani nane kwa mshororo. Baada ya hapo aandike mashairi huru akijua anachokiacha. Ule mgogoro wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, na wanamabadiliko, waliotaka ushairi huru, ufundishwe kama historia. Usiwe kigezo cha kumpa mtu alama.

Kuna jambo la lugha ambalo tunaliombea kanuni iliyoandikwa. Mhusika wa Ngarenaro au Unga Limited hazungumzi kama taarifa ya habari. Konda wa Hiace ya Kwa Mrombo ana Kiswahili chake, bibi wa Kibosho anachanganya Kichaga, mchungaji wa Longido anaingiza Kimaasai. Mtahini anayepigia mstari mwekundu kila "chalii" na kuandika "si sanifu" anaua mazungumzo yaliyo hai. Usanifu udaiwe kwa msimulizi pale msimulizi ni wa namna hiyo. Kwenye vinywa vya wahusika kigezo kiwe kimoja: je, mtu huyu angesema hivi? Na wanafunzi wasilazimishwe kuweka tanbihi kwa kila neno la kikwao.

Kuhusu maudhui hatuna cha kupanga. Mwandishi ataandika anachotaka. Ila mazingira ya kujifunzia utafiti wa mwandishi yapo tele: mifongo (mifereji) ya maji ya Uchagani na ugomvi wa zamu, vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vinavyogawanywa hadi vinakwisha, historia ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, tangu 1933, machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, kumbukumbu za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda zilizohifadhiwa Arusha. Hizo za mwisho zitumike kwa uangalifu mkubwa, na kozi ya maadili ieleze tofauti ya kubuni mhusika na kumvua nguo shahidi aliye hai.

Nani afundishe

Hapa ndipo kamati hukwama. Kanuni hudai msimamizi wa uzamili awe na shahada ya uzamivu. Waandishi wengi wazuri wa Kiswahili hawana uzamivu, na wenye uzamivu wengi hawajawahi kukamilisha riwaya. Marekani waliliepuka tatizo hili kwa kuihesabu shahada yao ya uzamili ya sanaa kuwa ya mwisho katika fani, hivyo mwenye nayo na vitabu vyake anafundisha chuo kikuu. Hatutarajii TCU ibadilishe mfumo kwa ajili yetu. Tunaomba usimamizi wa watu wawili: mhadhiri mwenye uzamivu asimamie insha na taratibu, na mwandishi aliyechapisha angalau vitabu viwili awe msimamizi mwenza wa muswada, mwenye sauti sawa kwenye maamuzi. Jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa saini. Kumwita "mgeni mwalikwa" na kumpa chai hakutoshi.

Alipwe kwa mkataba wenye hesabu. Msimamizi mwenza awe na wanafunzi wasiozidi watano. Kila nusu mwaka kila mwanafunzi anampelekea bahasha tano, kila moja kurasa 20 hadi 25, na anajibiwa ndani ya siku kumi kwa barua ya kurasa mbili au tatu. Hizo ni barua 25. Kusoma kwa makini na kujibu bahasha moja kunachukua karibu saa tano, hivyo ni saa 125 za kazi kwa nusu mwaka. Chuo kinachompa posho ya vikao viwili kwa saa 125 kitampoteza kabla ya bahasha ya tatu, na wanafunzi watano watabaki njia panda.

Kalenda

Kwa mikoa yetu tunapendekeza mfumo wa ukaazi mfupi, ambao programu za uandishi za Marekani zilianza kuutumia miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye kazi na familia. Wanafunzi wanakutana siku kumi mara mbili kwa mwaka. Miswada miwili kwa siku, nafasi 20, zamu mbili kwa kila mmoja katika kikundi cha 10. Muda uliobaki ni bahasha. Mtu wa Karatu au Same hatapanda basi kila wiki.

Tarehe ziendane na maisha ya hapa. Juni shule zimefungwa lakini mabweni ya vyuo yamejaa, kwa hiyo kodini mapema hosteli za makanisa au mabweni ya sekondari. Desemba, malizeni kabla ya tarehe 15. Baada ya hapo Wachaga wote wa Dar es Salaam wako njiani kurudi nyumbani, mabasi hayapatikani na vyumba vya Moshi vinapanda bei. Walimu wanaoitwa kusahihisha mitihani ya taifa watakosa ukaazi huo. Wawe na nafasi ya kufidia kwa bahasha mbili za ziada, wasiahirishiwe mwaka.

Udahili usiangalie alama peke yake. Muombaji alete kurasa 25 za nathari, au mashairi 12, au tamthiliya ya onyesho moja, majina yafichwe, wasomaji watatu wasome kila mmoja kwa wakati wake. Shahada ya kwanza iwe ya fani yoyote. Mhasibu wa Njiro na muongoza watalii wa Marangu wanaweza kuandika vizuri kuliko mhitimu wa fasihi, na wasomaji wasioona jina wala cheti watalijua hilo kwa kurasa tatu.

Hazina ya mtandaoni

Jambo hili linaonekana dogo, nalo linaweza kumharibia mwanafunzi kitabu chake. Vyuo vingi hutaka kila tasnifu iliyopita iwekwe kwenye hazina ya chuo mtandaoni, isomwe bure na yeyote. Kwa utafiti ni utaratibu mzuri. Kwa riwaya ni kuichapisha. Mchapishaji akikuta muswada wote uko wazi mtandaoni atauliza ananunua nini, na mashindano mengi hayapokei kazi iliyokwisha kuonekana. Kanuni iruhusu muswada ufungwe kwa miaka mitano, mwandishi akiweza kuongeza mingine mitano kwa barua. Ikisiri (muhtasari) na insha tu ndivyo viwekwe wazi. Hakimiliki ya muswada ibaki kwa mwandishi na iandikwe hivyo kwenye fomu ya udahili, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na chuo hakina sababu ya kumtaka asaini kinyume chake.

Programu za kukagua wizi wa maandishi nazo zina mitego. Zitaipigia kengele methali, wimbo wa jando, aya ya msahafu anayoisoma mhusika. Asilimia ya kufanana isitumike peke yake kukataa muswada. Anayepakia muswada achague uhifadhi wa "bila kuweka kwenye hazina" ya programu, maana ukihifadhiwa, mara ya pili rasimu iliyoboreshwa itaonekana imeibwa kutoka kwenye rasimu ya kwanza ya mtu yule yule. Kuhusu kazi inayoandikwa na akili unde badala ya mwanafunzi, kinga bora ni rasimu. Mwanafunzi atunze rasimu zote tatu zenye tarehe, na siku ya utetezi aulizwe: kwa nini mhusika huyu aliyekuwepo rasimu ya kwanza ameondoka? Aliyeandika atajibu kwa dakika kumi bila kutazama karatasi.

Kutahini

Watahini wawe wawili, mmoja mhakiki mwenye uzamivu kutoka chuo kingine, mmoja mwandishi aliyechapisha katika utanzu huo huo. Mwanatamthilia asitahini diwani. Insha isiwe uchambuzi wa dhamira za mwanafunzi mwenyewe. Hakuna kitu kichovu kama mtu kueleza ujumbe wake. Ichukue tatizo moja la ufundi lililomkabili. Anayeandika riwaya ya ugomvi wa mfongo kwa sauti za familia tatu aandike jinsi riwaya za Kiswahili zilivyobadilisha wasimulizi, zilipofaulu na zilipomchanganya msomaji.

Yote haya yanaweza kuanza kwa kifungu kimoja. Tunaomba kiwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Seneti, na tumekiandika ili asiwepo wa kusema hakuna rasimu:

"Kwa mwanafunzi wa Uzamili wa Uandishi Bunifu, tasnifu itakuwa na sehemu mbili: (a) kazi bunifu ya Kiswahili ambayo haijachapishwa, ya maneno 35,000 hadi 60,000 kwa nathari, au kurasa 50 hadi 70 kwa ushairi, au tamthiliya ya jukwaani isiyopungua dakika 90, yenye asilimia 75 ya alama, na (b) insha ya kihakiki ya maneno 7,000 hadi 9,000, yenye asilimia 25. Muundo wa sura tano hautahusika. Sehemu (a) haitawekwa wazi kwa umma kwa miaka mitano tangu kutunukiwa shahada, isipokuwa kwa ridhaa ya maandishi ya mwandishi."

Kifungu kikipita, tuko tayari kusoma bila malipo kurasa za waombaji wa kikundi cha kwanza, majina yakiwa yamefichwa, na kurudisha maoni ya maandishi kwa kila mmoja ndani ya wiki sita, hata kwa wale watakaokosa nafasi.

Wenu katika kazi,

Waandishi, wahariri na walimu wa fasihi ya Kiswahili,
Arusha na Moshi.